Mbwa Aliyekataa Ugali Wetu

Wajukuu wangu wa mjini huwapa mbwa wao vijiwe. Sina neno lingine la kuviita. Ni vya kahawia, vyote vinafanana, vinatoka ndani ya mfuko wenye picha ya mbwa anayecheka, na vikimwagwa kwenye bakuli vinalia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Asubuhi vijiwe, jioni vijiwe, Krismasi vijiwe. Nilionja kimoja, kwa sababu siwezi kumpa kiumbe kitu ambacho sijui ladha yake. Kilikuwa kama biskuti iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Nikamuuliza mjukuu wangu huyu mbwa alimkosea nani.

"Shosho, ndani ya hiyo kuna kila kitu. Nyama, mboga, mchele, kila kitu."

"Kama kuna kila kitu, mbona wewe unakula chapati?"

Alicheka akaenda zake. Mimi nikabaki na yule mbwa, tunaangaliana, na nikaikumbuka sufuria yangu.

Nilikuwa na sufuria ya mbwa. Si kopo la rangi, si karai lililotoboka. Sufuria kamili, yenye mfuniko wake. Wanawake wa kijiji chetu walinisema sana kwa ajili ya huo mfuniko. Kwao mbwa alipikiwa ugali wa makapi ya mahindi, mgumu kama kisigino, akatupiwa huo maisha yake yote, na siku ya sherehe akapata mfupa ambao watu walikuwa wameshaumaliza. Mimi sikusoma, niliachia darasa la pili mama alipozaa mapacha nikawa yaya wao, lakini macho ninayo. Ng'ombe ukimpa aina moja ya majani mwaka mzima, maziwa yatakuambia. Mbwa hana maziwa ya kukuambia. Ana manyoya. Manyoya ya mbwa wangu yaling'aa kama viatu vya mhubiri.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kwetu juu kidogo ya Nyeri mjini. Kahawa ilikuwa imeshatuvunja moyo, wengine wanaing'oa kimyakimya na kupanda mahindi, lakini chakula kilikuwepo. Nilipika kilichokuwepo. Malenge likipasuka shambani liliingia kwenye sufuria, pamoja na majani yake machanga. Viazi vitamu vile vidogo ambavyo hakuna mtu wa kuvinunua, nilivichemsha na maganda yake. Terere, mchicha wetu wa kienyeji. Githeri iliyolala, yale mahindi na maharagwe, nikiiponda kwanza, maana punje nzima hutoka kwa mbwa jinsi ilivyoingia. Mayai ambayo kuku alikataa kuyaatamia. Omena, wale dagaa wa ziwani, siku za soko. Parachichi mbwa waliokota wenyewe chini ya mti, na msimu huo walinenepa wakatembea kama mama wa kwaya. Kitunguu sikutia, kwa sababu mama yangu hakutia, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mifupa niliipata Majengo, mtaa wa Nyeri mjini. Nilishuka huko na kabeji na karoti zangu, na karibu na msikiti kulikuwa na mama mmoja Mwislamu aliyeuza supu ya vichwa na kwato. Aliniwekea mapafu, wengu, na mifupa aliyokwisha kuchemshia supu lakini bado ina kitu.

"Ndoo yako ikae kule, shoga. Kule, ng'ambo ya mtaro. Usinisogezee habari za mbwa kwenye supu yangu."

"Ndoo nimeiosha, mama."

"Hata ungeiosha kwa maji ya barafu ya mlima."

Lakini ile mifupa aliifunga kwenye gazeti kwa uangalifu, kama ya mteja, na nikikosa kushuka wiki moja aliniuliza kama mbwa wangu ni wazima.

Mume wangu hakuwa na ugomvi na sufuria hiyo kwa sababu hakuwahi kuiona. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haketi jikoni. Mafiga ni ya mwanamke na watoto. Kijana akishatahiriwa anatoka humo kama aliyefukuzwa, na mama yake anaanza kumpelekea chakula kwake kama mgeni. Jikoni kwangu kulikuwa kibanda cha mabanzi, mbali kidogo na nyumba kubwa. Mume wangu alikijenga kwa mikono yake, akapigilia msumari wa mwisho, akatoka, na tangu hapo hakuvuka kizingiti. Tukazaa watoto, wakakua, wakaanza kuoa na kuolewa. Kila alichokula nilikibeba mimi kukivusha ua, mvua ikinyesha, nimefunika sahani kwa sahani. Akitaka kitu alisimama uani akakohoa. Kulikuwa na kikohozi cha chai na kikohozi cha kuulizia shati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume wa Nyeri.

Mbwa wetu wa mwisho alipokufa kwa uzee, wezi wa kondoo walianza kutuzoea. Nikasema nitatafuta mtoto wa mbwa kwa jirani. Mume wangu akasema hapana, safari hii mbwa atamtafuta mwenyewe na atamlisha mwenyewe.

"Mbwa wako ni wa jikoni," aliniambia. "Wameshiba mno. Mwizi akija wanamsalimia. Mbwa humfuata anayemlisha, na huyu nataka anifuate mimi."

"Utamlisha nini?"

"Chakula cha mbwa."

Akachukua kondoo wetu dume, yule mwenye mkia uliojaa mafuta, ambaye watu walikuja kumwazima kutoka ng'ambo ya mto, akaenda naye mpaka Doldol. Alikuwa amesikia kwamba mbwa wa wafugaji wa huko hawaogopi hata chui. Akalala huko, akarudi juu ya lori la mifugo, suruali imekanyagwa na mbuzi wa watu, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa dume mchanga wa rangi ya majivu, miguu mirefu, masikio yamesimama.

Sitakataa, alikuwa mzuri. Mume wangu alimzungusha uani majirani wamwone.

"Nilimfungua mdomo nikaona meno yote," alieleza. "Nikauliza mama yake ni nani, baba yake ni nani, kama anaogopa fimbo, kama anaogopa maji. Nikauliza kila kitu."

Jioni hiyo nilisonga ugali wa makapi kama nilivyoagizwa, akauchukua kutoka mlangoni pangu, akampelekea mwenyewe. Mbwa aliunusa. Akainua kichwa akatazama pembeni, kama mtu aliyekwenda kuwatembelea wakwe akaletewa chai ya rangi.

"Atakula akisikia njaa," mume wangu akasema.

Hakula. Ugali ulikauka, kuku wakaudonoa, ukaletwa mwingine, nao kuku wakaudonoa. Mume wangu akawaza, akaamua kwamba moyo wa mbwa huyo ulikuwa umelala kwa sababu ya safari, na unatakiwa kuamshwa. Basi alifanya vile baba yake alivyofanya. Alichoma kiota cha nyigu, akakisaga pamoja na pilipili zile ndogo kali, akachanganya kwenye ugali. Kwetu wazee wengi waliamini hivyo, na mpaka leo wapo: mbwa akila nyigu na pilipili, ukali unamwingia kwenye damu.

Safari hiyo yule mbwa alikuwa na njaa hasa, akameza matonge kadhaa kabla ya kuonja. Halafu akalia. Sijasikia mbwa akilia vile, kama mtoto. Alizunguka ghala, akaingiza uso mzima kwenye maji ya ng'ombe, akatapika maji ya manjano mpaka hakuna kilichobaki. Kuanzia hapo, mume wangu akitokea na sahani, mbwa alienda kujificha nyuma ya choo.

Akakonda. Kwanza zikaonekana mbavu, halafu mifupa ya nyonga, halafu uti wa mgongo ukasimama kama msumeno. Jirani yangu akaniambia akiwa ng'ambo ya ua, "Mama, huyo mbwa wenu ukimtundikia nguo zitakauka."

Na mwanarika mwenza mmoja wa mume wangu, aliyetahiriwa pamoja naye, mtu mwenye mdomo kuliko redio, alikuja akasimama langoni na bakora yake, akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Rika yangu, nisaidie kuelewa. Ulipeleka dume Doldol?"

"Nilipeleka."

"Wakakupa fito."

Mume wangu alishika boriti ya boma kwa nguvu. Huyo mbwa akifa, yeye angekuwa mzee aliyebadilisha dume la kijiji na maiti, na kwetu jina la namna hiyo ukilipata unazikwa nalo. Watu wangelitaja kwenye harusi. Na mimi sikuwa na nafasi ya kungoja. Binti yetu aliyeolewa Kenol alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na kwetu mama lazima aende akamkande, ampikie njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji, amshikie mtoto mpaka apate nguvu. Ningeondoka wakati wowote nitakapoitwa. Nikimwacha mbwa katika hali ile, nitarudi nikute shimo.

"Niachie nimpikie," nikamwambia mume wangu.

"Hapana."

"Atakufa."

"Ukimpikia atakuwa wako. Atalala jikoni abwekee sufuria."

Nikachambua mboga zangu. Kesho yake nilipompelekea uji nikamwambia, "Sawa, simpikii. Njoo umpikie mwenyewe. Sufuria iko, moto uko. Mimi nitakaa kando nichambue maharagwe na nikuambie cha kufanya."

Aliniangalia kama nimemwambia avae kitenge.

"Jikoni?"

"Kwani mbwa hupikiwa kwenye shamba la kahawa?"

Akaondoka bila kumaliza uji. Alikaa bomani na kondoo asubuhi nzima. Mchana ikaja mvua, ile ya Nyeri isiyo na radi, inayokaa tu. Mbwa alikuwa amelala uani, na mvua ilipomwangukia hakuinuka. Alifumba macho tu. Hapo ndipo niliposikia mtu akikohoa mlangoni pangu, na kikohozi hicho sikukijua.

Aliinama, akaingia. Kofia yake ikagonga masizi. Hakujua aketi wapi. Mwishowe alikalia kigoda cha watoto, magoti yakafika karibu na masikio, na machozi yakaanza kumtoka.

"Huu moshi unauvumilia vipi?"

"Kama nilivyouvumilia tangu ulipojenga bila dirisha."

Akapangusa macho. Nikamwekea kisu na kiazi mkononi ili mikono iwe na kazi. Nikamuuliza, "Kule Doldol huyu alikuwa anakula nini?"

Kuni zikalia.

"Sikuuliza."

"Uliuliza mpaka babu yake."

"Mambo ya chakula cha mbwa nani huuliza?"

Na hilo lilikuwa kweli. Kwetu huwezi kumuuliza mtu mbwa wake anakula nini. Ni kama kumuuliza jembe lake linakula nini. Mbwa anakula ugali wa makapi, na asipokula, basi ni mgonjwa. Haikumwingia mtu yeyote akilini, hata wale waliomcheka, kwamba kuna mahali mahindi hayajulikani kwa mbwa.

"Hebu kumbuka," nikamwambia. "Ulilala huko. Asubuhi uliona nini?"

Akafikiri, akimenya kiazi kwa namna iliyokifanya kibaki na ukubwa wa njugu.

"Wanawake walikuwa wanakama mbuzi. Kila mmoja akimaliza anamwaga kidogo kwenye jiwe, jiwe lenye shimo. Nikadhani ni mambo yao ya kuombea mifugo."

"Na mbwa walikuwa wapi?"

"Hapo hapo kwenye jiwe." Akaacha kumenya. "Na kulikuwa na mbuzi anazaa. Mbwa walikaa kwa mstari, wananyamaza, kama watu wa Meza ya Bwana."

"Wanangoja kile kinachotoka nyuma ya mtoto."

"Ndiyo. Mmoja akakipata akakimbia nacho."

"Sasa wewe ukiletewa damu ya ng'ombe ndani ya kibuyu utakunywa?"

"Mimi? Hapana."

"Hata ukiwa na njaa?"

Alikuwa anatazama nje kupitia mlango, kwenye mvua, pale mbwa alipolala.

Maziwa yalikuwepo. Siku hizo lori la kuchukua maziwa lilikuja likipenda, na lisipokuja yaligandia kwenye mikebe. Nilimmiminia yaliyoganda kwenye sahani akayapeleka. Mbwa kuona sahani, akajikokota kwa tumbo kuelekea nyuma ya choo. Mume wangu akarudi mlangoni na sahani yake, maji yanamtiririka kwenye kofia, na nikaona kwamba yuko karibu kuitupa.

"Jiwe," nikamwambia.

Uani tulikuwa na jiwe la kunolea panga, ambalo yeye na baba yake walikuwa wamelinolea mpaka likafanya bonde katikati. Akamwaga maji ya mvua yaliyokuwemo, akalifuta kwa mkono, akamimina maziwa humo, akarudi nyuma akasimama. Mbwa alitazama jiwe. Alilitazama muda mrefu. Halafu akaja, miguu inatetemeka, akaingiza ulimi.

Mume wangu alivua kofia kwenye mvua.

"Anakunywa," akasema polepole, kama watu wanavyosema kanisani.

Baada ya hapo alikuja jikoni kila siku. Mwanzoni alikuja kama anayekuja kukagua, anasimama, anauliza maswali. Tulianza na maziwa peke yake. Halafu maziwa na tone la supu ya mifupa ya Majengo. Halafu supu yenyewe, na ndani yake kipande cha malenge kilichopondwa mpaka mbwa hakijui. Kila tulipoongeza kitu, mbwa alikisukuma kwa ulimi mpaka ukingoni mwa jiwe, akakiacha hapo kimepangwa vizuri, na kesho yake tulikiponda zaidi. Kwa viazi vitamu tulishindana naye sana. Kwa omena alishindwa mara moja, akala mpaka gazeti. Mume wangu alimkata malenge kwa vipande sawasawa kama mbao za kujengea nyumba, na nilipomwambia mbwa hana rula akaniambia nichambue maharagwe yangu.

Ilikuwa inanifurahisha na inanikera. Alihamisha kuni zangu. Alisema kisu changu ni butu, akakinoa, nikajikata. Lakini pia aliniambia mambo. Sijui kama ni moto au ni kigoda kifupi, lakini mtu aliyenioa nikiwa msichana, niliyempelekea chakula miaka yote hiyo, alianza kunieleza habari za baba yake, za kazi ya kukata miti msituni, za jinsi alivyoogopa siku ya harusi yetu kwamba nitakataa dakika ya mwisho. Nikiwa nachambua maharagwe nilisikia, "Unajua," na nilijua kuna hadithi inakuja. Na ilikuwa lazima akoroge mwenyewe, nisimguse mwiko, maana mbwa ni wake.

Yule mwanarika mwenzake akatukuta. Alisimama uani akaita, akaitikiwa kutoka mahali ambapo hakutarajia, akasogea mpaka mlangoni akainamisha kichwa. Mume wangu alikuwa ameketi kati ya mafiga na ungo, mwiko mkononi.

"Rika yangu," akasema. "Niambie una homa."

"Sina homa."

"Basi mkeo amekulisha kitu."

"Napikia mbwa."

"Na mama huyu yuko hapo, ana mikono miwili."

"Mbwa si wake."

Yule mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama sufuria.

"Tulipigwa baridi ya mto pamoja," akasema. "Tulikatwa kwa kisu kimoja. Na leo umekaa mahali nyanya yako alikaa."

Mume wangu aliweka mwiko chini. Nilifikiri sasa anatoka, na akitoka harudi, na mbwa bado hajashika vizuri. Nilishika hereni yangu, sijui kwa nini hereni. Akasema, "Wewe mbwa wako anaitwa nini na majirani?"

"Mbwa wangu?"

"Yule anayeiba mayai mpaka kwa mchungaji. Wako anapikiwa na nani?"

"Hapikiwi."

"Ndiyo maana."

Mzee akacheka bila kutaka, akaenda zake. Lakini najua alitangaza kutoka hapo mpaka sokoni. Kwa muda fulani wanaume wakikutana na mume wangu njiani walimuuliza leo ameivisha nini, na yeye aliwajibu kweli kabisa, malenge, wengu, majani ya viazi, mpaka wakachoka.

Habari ya Kenol ikaja kwa dereva mmoja wa huko nyumbani: msichana ameshikwa na uchungu. Nikafunga njahi, unga wa wimbi na leso zangu. Mbwa siku hizo alikuwa anakula, lakini bado ule ulaji wa kubembelezwa, na mara mbili tatu alikuwa ameugomea mkono wa mume wangu akangoja mpaka anione mimi mlangoni ndipo aanze. Hilo mume wangu aliliona na hakulisema. Nikampa maagizo huku natembea kuelekea barabarani, yeye amebeba mzigo wangu nyuma.

"Mifupa ya kuku utoe yote."

"Nitatoa."

"Ukiona anaharisha rudi kwenye maziwa."

"Nenda ukamwone mtoto."

Mjukuu alikuwa wa kike, mzito, na sauti ya mwenyekiti. Nilipika njahi, nikamkanda mama yake, nikaosha nepi kwenye yale maji ya Kenol ambayo hayatoi povu. Malori yalipita usiku na mchana kwenye ile njia panda, na mimi nikikoroga uji wa mzazi nilikuwa nafikiria jiwe la kunolea panga. Simu ya kumpigia haikuwepo. Binti yangu akaniambia, "Mama, kila anayetoka Nyeri unamuuliza habari za mbwa. Baba je?"

"Baba yako hawezi kukataa ugali," nikamwambia.

Lakini na hilo nalo nilikuwa nimelifikiria. Mke wa mwanangu alikuwa anakaa upande wa pili wa kijiji na alikubali kumpelekea baba mkwe chakula. Nikajiambia mtu atakula, mbwa sijui.

Nilirudi mzazi alipoweza kuinama. Pale nilipotelemka barabarani, yule mwanarika alikuwa ameketi kwenye duka, akanyanyua bakora.

"Mama, karibu. Nilifikiri nikutumie ujumbe. Kuna mwanamke mgeni jikoni kwako."

"Mwanamke gani?"

"Sijui wamemtoa wapi. Ana ndevu."

Watu wa duka wakaangua kicheko, na mimi nikapita na mzigo wangu kichwani nikijifanya nimekasirika. Moshi niliuona kabla ya kufika. Ulikuwa unatoka ubavuni mwa kibanda, si mlangoni, na nilipokaribia nikaona ubao mmoja umekatwa. Alikuwa ametoboa dirisha.

Mbwa alinifikia langoni. Sikumjua. Kifua kilikuwa kimejaa, mgongo umefunikwa, manyoya ya rangi ya majivu yana mng'ao kama chuma kilichopakwa mafuta. Alinibwekea mimi, kwenye boma langu, kwa meno yote, na hakuacha mpaka mume wangu alipotokea mlangoni pa jikoni na kusema neno moja. Alirudi akalala kwenye miguu yake. Nikajua tayari. Alikuwa wake. Iliniuma kidogo, sitadanganya.

"Mke wa kijana alikuwa analeta chakula?" nikauliza nikitua mzigo.

"Nilimwambia asijisumbue. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda cha watoto, kwa sababu changu alikuwa amekikalia yeye. Kulikuwa na sufuria mbili motoni. Akafunua ile yangu ya zamani, akapakua kwenye bakuli, akanipa kwa mikono miwili kama tunavyompa mgeni. Katika maisha yangu mwanamume alikuwa hajawahi kunipa chakula alichokipika. Baba yangu hakunipa, ndugu zangu hawakunipa. Nilishika bakuli sikujua nitazame wapi.

"Hii ni ya watu," akasema. "Ya mbwa ni ile."

Nikaonja. Malenge lilikuwa limeiva vizuri, viazi havikuvunjika, mifupa ilikuwa imetoa mafuta yake yote. Na hakukuwa na chumvi hata chembe. Mimi chakula cha mbwa sitii chumvi, na chakula cha mbwa ndicho nilichomfundisha. Cha watu alikuwa hajafundishwa na mtu.

"Vipi?"

"Umekula hivi tangu niondoke?"

"Kila siku. Yeye kwanza, halafu mimi."

Nikala yote, nikafuta bakuli kwa kidole. Halafu nikanyoosha mkono kwenye rafu, nyuma ya majani ya chai, nikamwonyesha kopo la chumvi. Akalichukua, akalifungua, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akatikisa kichwa.

"Nilijua kuna kitu kinakosekana," akasema. "Nikadhani ni wewe."

Hakucheka. Akainama akasogeza kuni ndani, akamwita mbwa wake aje ale.